Mirathi ya Minangkabau: uliza kwanza mali ni ya aina gani, ndipo uulize nani anarithi

#1 Mwambao_Kusini

Wakuu, salaam. Kila ikiguswa mada ya Waislamu wa Indonesia, hakosi mtu wa kuandika kwamba kule Sumatra Magharibi mali yote huenda kwa wanawake na faraidhi (mgawanyo wa mirathi kwa sheria ya Kiislamu) wameitupa. Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayopotosha. Naweka utaratibu wenyewe hapa, wanaojua zaidi wajazie.

Wanaosemwa ni Waminangkabau. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama watu wengi wa mwambao wetu, ila nasaba yao inahesabiwa kikeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama: Koto, Piliang, Bodi, Caniago na matawi yake. Watu waliotokana na bibi mmoja wanaitwa kaum, kwetu tungesema mlango. Mlango una majaruba yake ya mpunga, una makaburi yake, una nyumba kubwa ya paa lenye pembe (rumah gadang), na una cheo cha mkuu wa ukoo, anayeitwa datuak. Msimamizi wa yote hayo ni mamak, yaani mjomba. Anasimamia tu, hamiliki. Akifa, usimamizi unashikwa na mdogo wake au mpwa wake wa kiume. Mwanawe wa kumzaa hahusiki, maana huyo ni wa mlango wa mama yake.

Mali ziko aina mbili, na ugomvi wote unaanzia hapa.

Ya kwanza ni pusako tinggi, mali ya juu. Hii imeshuka kutoka kwa mabibi kizazi hadi kizazi, na asili yake mara nyingi ni msitu uliofyekwa na wahenga. Haigawanywi. Marehemu hakuwa mwenye mali, kwa hiyo hana cha kurithisha. Wanawake wa mlango wanapangiwa sehemu za kutumia, utaratibu unaoitwa ganggam bauntuak: jaruba hili analima dada mkubwa, lile la chini ya mfereji analima mdogo wake, na wakifa wanaendelea binti zao. Msemo wao ni *dijua indak dimakan bali, digadai indak dimakan sando*: ukiiuza haiuziki, ukiiweka rehani hairehaniki.

Ya pili ni pusako randah, mali ya chini. Hii ni ile mtu aliyoichuma mwenyewe au na mwenzi wake: duka, gari, kiwanja cha kununua, fedha za benki. Hii inakatwa kwa faraidhi.

Mpaka huu haukuwekwa na mtu mmoja. Mwaka 1952 maulamaa, wakuu wa koo na wasomi wa Minangkabau walikaa Bukittinggi wakakubaliana hivyo: ya juu iendeshwe kwa mila (adat), ya kuchuma iende kwa sheria ya dini. Semina ya Padang ya mwaka 1968 ikatia muhuri.

#2 Sudusi

Mkuu, umeeleza vizuri lakini umeruka vita. Hayo makubaliano ya 1952 yametanguliwa na miaka kama 150 ya kukwaruzana.

Mwaka 1803 walirudi mahujaji watatu kutoka Makka, Haji Miskin, Haji Sumanik na Haji Piobang, wakaanza kupiga vita kamari, tumbaku, mapambano ya majogoo na baadhi ya desturi za koo. Kundi lao ndilo likaja kuitwa Padri (si mapadri wa kanisa). Wakuu wa mila walipoelemewa wakawaita Waholanzi mwaka 1821, na vita vikaendelea mpaka Tuanku Imam Bonjol alipokamatwa 1837. Kaulimbiu inayonukuliwa mpaka leo, *adat basandi syarak, syarak basandi Kitabullah* (mila imeegemea sheria, sheria imeegemea Kitabu cha Mungu), inanasibishwa na suluhu ya nyakati hizo.

Kaulimbiu haikumaliza suala la mirathi. Mkali kuliko wote alikuwa Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyefika kuwa imamu na khatibu wa Shafi katika Msikiti wa Makka, akafa 1916. Fatwa yake haikuwa na kona: mali inayoliwa na wapwa huku watoto wa marehemu wapo ni mali ya kunyang'anya, ghasbu, na anayeendelea kuila ni fasiki. Hakutaka hata kurudi kuishi kwao.

Mwanafunzi wake, Haji Abdul Karim Amrullah anayejulikana kama Haji Rasul, akaona njia nyingine. Akasema mali ya juu inafanana na ardhi ya Khaybar ya Sayyidna Umar: asili yake imefungwa, mazao yake yanaliwa. Kama marehemu hakumiliki, faraidhi haina pa kushika. Hoja hii ndiyo iliyobeba makubaliano ya 1952. Mali ya kuchuma kwenda kwa wapwa, jambo ambalo zamani lilikuwa la kawaida kabisa, haikupata wa kuitetea.

#3 Kipanga

Ustadh Sudusi, kama ni asili kufungwa na mazao kuliwa, si hiyo ni wakfu tu? Kwa nini wasiiandikishe wakfu yakaisha?

#4 Sudusi

Inafanana na wakfu, lakini haikamiliki. Wakfu inataka mtu aliyemiliki, akatamka, akataja wanaonufaika. Hapa hakuna anayejua nani alitamka nini. Na sheria ya wakfu ya Indonesia, namba 41 ya 2004, inataka tamko mbele ya ofisa na hati yake. Mashamba haya hayana. Halafu kuna kikwazo kikubwa zaidi: mila yenyewe inaruhusu kuiweka rehani kwa dharura fulani. Wakfu huiweki rehani. Ndiyo maana wenye kuangalia mambo kwa makini husema "inafanana na wakfu" na kuishia hapo.

#5 Wakili_wa_Mtaa

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Mali ya kuchuma Indonesia nzima, si Minangkabau peke yake, mahakama za dini (Pengadilan Agama) zinaigawa kwa Kompilasi Hukum Islam, mkusanyo uliotolewa kwa agizo la rais namba 1 la mwaka 1991. Una vitabu vitatu: ndoa, mirathi na wakfu, vifungu 229. Fikihi yake ni ya Shafi kwa sehemu kubwa, lakini umeingiza mambo ambayo hutayakuta kwa Shafi. Kubwa kuliko yote ni mali ya pamoja ya mume na mke, ambayo Wajava wanaiita gono-gini. Hii imetoka kwenye mila, ikapewa nguvu ya sheria.

Mfano. Mwanamume amefariki, ameacha mke, mama mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali waliyochuma yeye na mkewe ni rupia milioni 528. Mazishi na madeni yake binafsi ni milioni 24.

Kwanza unatoa nusu ya mke kwa kifungu cha 96: milioni 264. Hiyo si mirathi, ni haki yake, na angeipata hata kama asingerithi. Inabaki 264. Unatoa mazishi na madeni, na wosia kama upo (usizidi theluthi). Inabaki 240. Hii 240 ndiyo tarika, yaani mali ya kurithiwa.

Mke thumni (moja ya nane), milioni 30. Mama sudusi (moja ya sita), milioni 40. Inabaki 170 kwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, jumla mafungu matano ya milioni 34. Kila mwana wa kiume 68, binti 34. Jumlisha: 30 + 40 + 136 + 34 = 240.

Mke ametoka na 294 kwa jumla. Kosa la kawaida ni kumpa thumni ya milioni 528 nzima na kuruka hatua ya kwanza. Anaambulia 66, na wengine wanakula chumo lake.

Kifungu cha 183 kinaruhusu warithi kusuluhishana wagawane wanavyotaka, mradi kila mmoja ajue kwanza fungu lake la kisheria. Ndiyo maana familia nyingi zinaishia sawa kwa sawa bila kuvunja kitu. Lakini kujua ni sharti. Karatasi ya suluhu isiyotaja mafungu halisi ni rahisi kuipinga baadaye, hasa na dada atakayesema hakuambiwa haki yake.

Na kifungu cha 189: shamba la kilimo lisilofika hekta 2 linatakiwa libaki zima litumike kwa pamoja. Anayetaka fedha alipwe na wenzake. Ukiona familia imekata jaruba la robo hekta vipande vitano, wamejipunja wenyewe, maana tuta za mpakani peke yake zinakula ardhi na maji hayagawanyiki vizuri.

#6 Bint_Shangani

Nimefurahi gono-gini imetajwa. Kwa Wajava kuna misemo miwili inayoonyesha mila ilivyosimama kabla ya hiyo Kompilasi: *sepikul segendong*, mwanamume hubeba vikapu viwili kwa mti begani, mwanamke hubeba kimoja kwa mtandio, yaani mbili kwa moja, na *sigar semangka*, tikiti kupasuliwa katikati, sawa kwa sawa. Kijiji kimoja utakuta yote mawili. Wengi hawangoji kufa, wanagawa kwa hiba wangali hai. Kifungu cha 210 kinaweka mpaka wa theluthi kwa hiba, na cha 211 kinaruhusu hiba ya mzazi kwa mwana ihesabiwe kuwa sehemu ya mirathi yake.

Turudi Minangkabau, maana kuna kesi ambayo aina mbili za Mwambao_Kusini hazitoshi: nyumba ya mume kwenye ardhi ya mlango wa mke.

Mume wa Kiminangkabau anahamia kwa mke. Anaitwa urang sumando, na msemo unamfananisha na *abu di ateh tunggua*, majivu juu ya kisiki: upepo ukija hayapo. Basi huyu jamaa amekwenda kuhangaika Jakarta (merantau), amerudi na fedha, amejenga nyumba ya tofali pale kwa kina mke. Anafariki. Ardhi ni mali ya juu ya mlango wa mke, haiguswi. Jengo ni chumo la ndoa, na mama wa huyo marehemu ana sudusi ndani yake. Utamkatia sudusi ya nyumba mama mkwe katika kiwanja ambacho hana haki hata ya kukanyaga bila ruhusa?

Njia inayofanya kazi ni kuthamini jengo peke yake, bila kiwanja, kutoa nusu ya mke, kisha mke na mabinti wakamlipa mama mkwe fedha au kumpa kitu kingine cha thamani hiyo. Yanayoharibu ni haya: risiti za saruji na bati hazipo, vyumba vipya vimeunganishwa na nyumba ya zamani ya mlango, ukuta mmoja, hujui kipi cha nani, au mjomba anadai mlango ulichangia mbao na mafundi. Dawa yake ni karatasi iandikwe siku ya kuanza msingi, mjomba wa mke atie saini kwamba jengo limejengwa kwa fedha za fulani na fulani. Siku ya msiba ukimletea karatasi hiyo atie saini, hatatia.

#7 Kipanga

Na mali ya kuchuma isipogawanywa? Baba amekufa, watoto wameacha duka liendelee?

#8 Bint_Shangani

Hapo unatengeneza mali ya juu mpya. Duka likikaa bila kugawanywa, mabinti wakaliendesha, likaenda kwa binti zao, kizazi cha pili au cha tatu wanaanza kuliita pusako. Watoto wa wale kaka waliokaa kimya wamepoteza, maana ushahidi umekufa na wazee. Mashamba mengi yanayobishaniwa leo yalipita njia hii: babu aliyanunua, hayakugawanywa, sasa upande mmoja unasema ya juu na mwingine unasema ya chini.

#9 Mngazija_wa_Mtsangani

Naingia kwa ufupi. Ngazija, kule Komoro, tuna kitu hichohicho, tunakiita manyahuli. Ardhi na nyumba ya ukoo wa kikeni, haiuzwi, haigawanywi, mwanamke ndiye anayeishikilia, mume anahamia kwake, na kaka wa mama ana sauti. Nasi ni Shafi. Mabishano ya wenye elimu ni yaleyale pia, ni mila gani hii, ni wakfu au si wakfu. Kwa hiyo anayeona Waminangkabau ni kioja cha Asia aangalie jirani kwanza.

#10 Wakili_wa_Mtaa

Ahsante Mngazija. Sasa mahakama, kwa sababu kuchagua mahakama isiyo yake kunapoteza miaka.

Waholanzi mwaka 1937 waliwanyang'anya makadhi wa Java na Madura kesi za mirathi, wakazipeleka mahakama za kawaida. Nadharia iliyotumika iliasisiwa na Snouck Hurgronje, msomi wa Kiholanzi wa mambo ya Uislamu: sheria ya Kiislamu haina nguvu mpaka mila iipokee. Baada ya uhuru, Profesa Hazairin aliipinga nadharia hiyo maisha yake yote. Mahakama za dini zilirudishiwa mirathi nchi nzima kwa sheria namba 7 ya 1989, lakini warithi wakaachiwa wachague sheria gani itumike. Sheria namba 3 ya 2006 ikafuta huo uchaguzi. Waislamu wakigombania mirathi, mahakama yao ni Pengadilan Agama.

Lakini mali ya juu si mirathi! Mzozo wake unaanzia kwa mjomba, unapanda kwa wakuu wa koo, kisha baraza la mila la nagari, yaani kijiji cha kimila (Kerapatan Adat Nagari), na ukishindikana unakwenda Pengadilan Negeri, mahakama ya kawaida. Mtu akipeleka shamba la mlango mahakama ya dini aombe faraidhi, upande wa pili unasimama na kusema hii si tarika, na mahakama inabaki na swali la ushahidi wa asili ya mali kabla ya kufika kwenye mafungu.

Sababu mbili zinazofanya madai yatupwe kabla hata ya kusikilizwa. Moja, mpwa amefungua mwenyewe. Anayeuwakilisha mlango kwenye mali ya juu ni mamak kepala waris, mjomba mkuu wa warithi. Mbili, hakuwashtaki wote walioshika ardhi. Mmoja aliyekodi kipande cha pembeni akisahaulika, madai yana upungufu wa wadaawa.

Ushahidi unaobeba uzito ni ranji, yaani mti wa ukoo ulioandikwa, kuanzia bibi wa juu mpaka watoto wa leo, wenye saini za wanamlango wazima na kujulikana na baraza la mila. Pamoja nao, saini za majirani wa mipaka yote. Ranji iliyotengenezwa wiki ya kesi inajulikana tu: tawi la upande wa pili halimo.

Na hati miliki. Ukisajili shamba la mlango kwa jina la mtu mmoja, umempa silaha. Benki na mnunuzi wanaangalia jina, hawaangalii bibi wa vizazi saba. Majina ya mjomba na wanamlango yote yaingie, ili hakuna anayeweza kusaini peke yake.

#11 Mwambao_Kusini

Nijazie ya rehani aliyoigusa Sudusi, maana ndiyo njia ya nyuma ambayo mali ya juu inatokea.

Mila inakubali sababu nne tu: maiti amelala katikati ya nyumba na hakuna fedha za kumzika, binti mkubwa hajaolewa na harusi inataka gharama, nyumba kubwa inavuja, na kusimika upya cheo cha ukoo kilicholala, jambo wanaloliita *mambangkik batang tarandam*, kuinua gogo lililozama. Hata hizo nne, mlango mzima ukubali kwanza. Siku hizi ada za chuo na nauli ya hija zinasukumiwa humo, na wajomba wakali wanakataa.

Deni linaandikwa kwa dhahabu mara nyingi, kwa kipimo cha emas. Emas 1 ni gramu 2.5, kwa hiyo rehani ya emas 20 ni gramu 50. Inamlinda aliyetoa fedha rupia ikishuka, na ndiyo inayomnyonga aliyekopa: dhahabu imepanda, jaruba ni lilelile, mavuno yaleyale. Mkopeshaji analima na kuvuna mpaka jaruba likombolewe, na kwa mila hakuna ukomo wa miaka. Rehani zinarithiwa pande zote mbili.

Dola iliingilia mapema. Sheria namba 56 ya 1960, kifungu cha 7: shamba la kilimo likikaa rehani miaka 7 au zaidi linarudishwa bure, ndani ya mwezi mmoja baada ya mazao yaliyoko kuvunwa, kwa sababu mkopeshaji ameshavuna fedha yake. Kabla ya miaka 7, fedha ya kukombolea ni (7 + ½ − miaka iliyopita) ÷ 7 × fedha ya rehani. Rehani ya milioni 14 baada ya miaka 3: 4.5 ÷ 7 × 14 = milioni 9.

Kijijini wengi hawaitumii. Ukidai shamba bure kwa mkopeshaji, ambaye pengine ni wa tawi la ukoo wako, umelipata shamba na umekosa wa kukukopesha msiba ujao.

#12 Kipanga

Swali la mwisho: ni kweli Pariaman mwanamume ananunuliwa?

#13 Bint_Shangani

Hanunuliwi, anachukuliwa. Desturi inaitwa bajapuik, ni ya Pariaman na jirani zake, si ya Minangkabau yote. Upande wa binti unapeleka uang japuik, kwa fedha au dhahabu, kwa mlango wa mwanamume, kwa kuwa anaondoka kwao kwenda kuishi kwa mke. Bibi harusi akienda kuwaamkia wakwe, mama mkwe anamrudishia zawadi za dhahabu, na heshima ya zamani ilikuwa irudi nyingi kuliko iliyotoka.

Kilichoharibu ni uang hilang, "fedha iliyopotea": hiyo hairudi, na inapanda kwa cheo na shahada za mwanamume. Malalamiko ya masheikh yanaelekezwa huko zaidi.

Mahari haihusiki na yote hayo. Mbele ya msajili wa ndoa mwanamume anatoa mahari yake kama Mwislamu yeyote, na inakuwa ya mke peke yake. Ukiisikia ndoa ambayo japuik imetolewa na mahari haikutajwa, hiyo ina kasoro kwa dini na kwa mila ya Pariaman yenyewe.